NSF, Protini ya Kufumua

NSF ni protini inayopatikana katika takriban kila seli ya mwanadamu. Kazi yake ni kuzifumua protini nyingine zilizosukana pale kifuko cha ndani ya seli kinapoungana na utando na kumwaga shehena yake. Ina asidi amino 744, jeni yake iko kwenye kromosomu ya 17, na haitendi kazi ikiwa moja: molekuli 6 hushikana na kufanya duara. Ikikosekana, kongosho haliwezi kuendelea kutoa insulini, na seli za neva hupeleka ujumbe kwa muda mfupi tu kisha hunyamaza. Protini hii ilitambuliwa katika miaka ya 1980 na kusafishwa ikapatikana peke yake mwaka 1988. Cha ajabu ni kwamba kwa karibu miaka 10 baada ya hapo ilijulikana vizuri kwa umbo, uzito na jeni, huku ikipewa sifa ya kazi ambayo haikuwa yake.

Swali lililozaa ugunduzi huo lilianza zamani. Mwaka 1898 Camillo Golgi, akiwa Pavia nchini Italia, aliona ndani ya seli za neva wavu wa nyuzi ambao leo unaitwa kwa jina lake. Kwa nusu karne wataalamu walibishana kama wavu huo ni sehemu halisi ya seli au ni taka za rangi zilizotumika kuandaa sampuli. Ubishi uliisha ilipokuja hadubini ya elektroni. Katika taasisi ya Rockefeller, New York, George Palade, mzaliwa wa Iași, Romania, aliitumia hadubini hiyo kutafuta jambo kubwa zaidi: protini inayotengenezwa ndani ya seli hutokaje nje?

Jaribio alilofanya na James Jamieson, lililochapishwa mwaka 1967, ni la kupendeza kwa jinsi lilivyo jepesi kulieleza. Vipande vyembamba vya kongosho la simbilisi viliwekwa kwa dakika 3 katika maji yenye lusini ya mionzi, moja ya asidi amino zinazojenga protini. Kisha lusini hiyo iliondolewa na kuwekwa ya kawaida. Kwa hiyo ni protini zilizoundwa katika dakika hizo 3 tu ndizo zilizokuwa na alama. Vipande vilikaushwa kwa zamu, kila kimoja baada ya muda wake, na kufunikwa kwa dawa ya kupigia picha. Palipokuwa na mionzi, palitokea punje nyeusi. Mwanzoni punje zilikaa kwenye mtandao wa ndani wa seli, ule wenye ribosomu. Baadaye zilihamia kwenye Golgi. Na baada ya zaidi ya saa moja zilikuwa zimejaa kwenye vifuko vikubwa vilivyo tayari kumwagwa. Kati ya kituo na kituo palionekana vifuko vidogo vidogo. Palade alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1974, pamoja na Albert Claude na Christian de Duve.

Njia ilikuwa imeonekana, lakini picha za seli iliyokaushwa hazingeweza kusema kinachovisukuma vifuko, wala kinachovifanya vijue mahali pa kushuka. Hapo wanasayansi waligawanyika. Wengine waliamua kuipasua seli na kujaribu kuiendesha kazi hiyo ndani ya chupa. Wengine wakaamua kuharibu jeni moja moja na kuona safari inakwama wapi. NSF ilipatikana kwa njia ya kwanza na kuthibitishwa kwa ya pili.

Aliyechagua kupasua ni James Rothman, ambaye mwaka 1978 alifika Chuo Kikuu cha Stanford, katika idara iliyoanzishwa na Arthur Kornberg. Imani ya idara hiyo ilikuwa kwamba kazi yoyote ya seli inaweza kufanyika nje ya seli, mradi mtu awe na subira ya kuvitenganisha vimeng'enya vinavyohusika. Wengi wa nje hawakukubali kuwa hilo lingewezekana kwa usafirishaji. Waliona kwamba safari inategemea mpangilio wa seli nzima, na seli iliyosagwa haina mpangilio tena.

Rothman na Erik Fries walitoa dalili za kwanza mwaka 1980. Jaribio lililokamilika, ambalo Rothman alilifanya pamoja na William Balch, William Dunphy na wengine, lilitoka mwaka 1984, na linastahili kuangaliwa kwa karibu. Walichukua virusi vinavyosababisha malengelenge mdomoni mwa ng'ombe na farasi. Virusi hivyo vikiingia kwenye seli, huilazimisha itengeneze kwa wingi protini moja iitwayo G, ambayo hupita Golgi na huko huongezewa sukari. Watafiti walikuwa na aina mbili za seli za hamsta. Za kwanza zilikuwa na kasoro: hazina kimeng'enya cha kuongeza sukari fulani. Hizo ndizo zilizoambukizwa virusi. Za pili zilikuwa nzima, zina kimeng'enya, lakini hazina virusi, kwa hiyo hazina protini G. Golgi za aina zote mbili zilitolewa na kuchanganywa kwenye neli moja, zikaongezwa kiowevu cha seli, ATP ya kutoa nishati, na sukari yenye mionzi. Protini G ikipatikana ina sukari hiyo, maana yake ni moja tu: protini na kimeng'enya, vilivyoanza katika Golgi mbili tofauti, vimekutana. Na vilikutana.

Miaka mingi baadaye ulizuka mjadala kuhusu nani hasa alisafiri ndani ya neli ile, protini G kwenda mbele au kimeng'enya kurudi nyuma, na hadi leo wataalamu wa Golgi hawajaacha kuvutana. Kwa historia ya NSF mjadala huo haubadilishi kitu. Kwa vyovyote vile, kifuko kilitoka kwenye Golgi moja na kuungana na nyingine, na sasa muungano huo ungeweza kupimwa kwa kuhesabu mionzi.

Chombo cha kupimia kilipopatikana, hatua iliyofuata ilikuwa kuharibu. Benjamin Glick na Rothman waliziweka tando za Golgi kwenye barafu pamoja na kemikali iitwayo N-etilimaleimidi, kwa kifupi NEM, ambayo hujibandika kwenye salfa ya asidi amino ya sisteini na kuiziba. Usafiri ulikufa. Lakini walipoongeza sehemu ya kiowevu cha seli ambacho hakikuguswa na NEM, ulifufuka. Basi ndani ya kiowevu hicho kulikuwa na kitu kilichochukua nafasi ya kile kilichouawa. Taarifa hiyo ilitoka mwaka 1987. Kitu chenyewe hakikuwa na jina ila la udhaifu wake, kuwa huathiriwa na NEM, na herufi za NSF zinatokana na maelezo hayo hayo. Ni jina la muda ambalo halikuwahi kubadilishwa.

Kukisafisha kulikuwa kazi nyingine. Protini hiyo ilikuwa ikipoteza nguvu upesi, na kila hatua ya kuitenganisha ilirudisha mikono mitupu. Marc Block na wenzake walipogundua kwamba hudumu ikiwa ATP imo kwenye maji ya kazi wakati wote, mlango ulifunguka. Mwaka 1988 walitangaza kuwa wameipata ikiwa safi: kila kipande kilikuwa na uzito wa takriban daltoni 76,000, na vipande vilikuwa vikikaa kwa kundi. Mwaka huo huo Vivek Malhotra na wenzake waliangalia kwa hadubini tando zilizonyimwa NSF, wakaona vifuko vimerundikana. Vilikuwa vimekwisha kuzaliwa na kuvua ganda la protini linalovifunika, lakini havikuungana na utando wa mbele yao. Hitimisho lilikuja lenyewe: NSF ndiyo inayounganisha.

Wakati huo huo, ng'ambo ya ghuba ya San Francisco, katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, Randy Schekman alikuwa akifuata njia ya jeni kwa kutumia hamira, ile ile ya kuumulia mikate. Alianza huko mwaka 1976, na watu waliona ni chaguo la ajabu, kwa kuwa hamira haikujulikana kama kiumbe cha kufundishia habari za utoaji wa protini. Mwanafunzi wake wa uzamivu, Peter Novick, alitafuta hamira zinazoishi vizuri kwenye joto la kawaida lakini zinazokwama kwenye nyuzi 37 za Selsiasi. Mtego wao ulikuwa wa akili. Seli isiyoweza kutoa protini huendelea kuzitengeneza bila kukua kwa ukubwa, kwa hiyo huwa nzito kuliko wenzake. Ukiizungusha kwenye mashine ndani ya kiowevu kizito, huzama chini ya nyingine na unaweza kuichota. Jeni ya kwanza waliipa jina la sec1 mwaka 1979. Mwaka uliofuata walikuwa na jeni 23.

Moja ya jeni hizo ni sec18. Maabara ya Scott Emr, iliyokuwa Caltech, ilisoma mpangilio wake na kuutangaza mwaka 1988. Mwaka 1989 kundi la Rothman, ambaye sasa alikuwa amehamia Princeton, lilisoma jeni ya NSF ya hamsta kwa msaada wa wataalamu wa kampuni ya Genentech. Ilipolinganishwa na sec18, ilikuwa protini ile ile: karibu nusu ya asidi amino zilifanana moja kwa moja. Zaidi ya hapo, kiowevu cha hamira kiliweza kuzifufua tando za hamsta zilizouawa kwa NEM, ila kiowevu cha hamira zenye sec18 mbovu hakikuweza. Hamira na wanyama walitengana takriban miaka bilioni 1 iliyopita. Matokeo haya yalimaliza shaka iliyokuwapo pande zote mbili: wa Stanford hawakuwa wakipima vurugu ya seli zilizosagwa, na wa Berkeley hawakuwa wakisoma mambo ya hamira peke yake.

NSF haishiki utando bila msaidizi. Msaidizi huyo ni protini ndogo ziitwazo SNAP, ambazo Douglas Clary na wenzake walizieleza mwaka 1990. Ile kuu, alfa-SNAP, ilionekana kuwa sawa na sec17 ya hamira. Sasa swali likawa SNAP nazo hushika nini.

Jibu lilitoka kwenye ubongo wa ng'ombe. Rothman alikuwa amehamia tena, safari hii kwenye taasisi ya saratani ya Sloan-Kettering, New York, na Thomas Söllner ndiye aliyeongoza jaribio. Ubongo ulichaguliwa kwa sababu umejaa sinapsi, mahali ambapo vifuko huungana na utando usiku na mchana. Tando zake ziliyeyushwa kwa sabuni. NSF iliyofungwa kwenye punje ndogo za kunasia iliwekwa humo pamoja na SNAP, na badala ya ATP ya kweli ikapewa ya bandia, ambayo hushikika lakini haikatiki. Kwa hiyo NSF ilikamata ilichokipenda na kubaki imekishika. Yote mengine yakaoshwa. Kisha ikapewa ATP ya kweli. NSF iliikata, ikaachia, na kilichodondoka kikakusanywa na kutambuliwa. Zilikuwa protini 3: sintaksini, SNAP-25 na sinaptobrevini.

Hakuna hata moja kati yao iliyokuwa ngeni. Wataalamu wa neva walikuwa wamezieleza kati ya 1988 na 1992, wakiwemo Richard Scheller wa Stanford na Thomas Südhof, Mjerumani aliyekuwa Dallas. (SNAP-25 haina undugu na SNAP za Clary, kufanana kwa majina ni bahati mbaya ambayo imewasumbua wanafunzi tangu siku hiyo.) Kilichokuwa kigeni ni kuziona zikiwa pamoja. Sinaptobrevini hukaa kwenye kifuko. Sintaksini na SNAP-25 hukaa kwenye utando wa seli. Zikishikana, kifuko na utando vimeshikana. Kundi hilo liliitwa SNARE, na taarifa ya Machi 1993 ilisema kwamba kila aina ya kifuko huenda ina SNARE yake inayolingana na ya mahali kinakokwenda.

Ushahidi kwamba protini hizo 3 ni za lazima ulitoka upande ambao hakuna aliyeutarajia. Mwaka 1992 kundi la Giampietro Schiavo na Cesare Montecucco huko Padua lilionyesha kuwa sumu ya pepopunda ni mkasi unaokata sinaptobrevini, na hakuna kingine inachokata. Mwaka 1993 ikajulikana kuwa sumu ya botulini ya aina A hukata SNAP-25, na ya aina C hukata sintaksini. Kwa karne nzima waganga walijua kwamba mtoto mchanga aliyekatwa kitovu kwa wembe mchafu hukakamaa taya na mgongo. Sasa ilieleweka ni kwa nini. Sumu ya pepopunda hupanda hadi kwenye seli za neva zinazozuia misuli, vifuko vyake haviungani tena na utando, kizuizi hakitolewi, na misuli hukaza bila kuachia. Bakteria wa aina hizi, kwa njia zao wenyewe, walikuwa wamelenga protini zile zile 3 ambazo NSF ilizinasa kwenye maabara.

Picha iliyochorwa mwaka 1993 ilikuwa hivi: SNARE huvileta kifuko na utando karibu, NSF huja na SNAP, hukata ATP, na nishati ya kukata huunganisha tando mbili. Ilikuwa picha nzuri na ilieleza karibu kila kilichojulikana. Ilikosea kwenye NSF.

Kasoro ilianza kuonekana mwaka 1996. Andreas Mayer, William Wickner na Albert Haas walikuwa wakichunguza vifuko vikubwa vya hamira, ambavyo huungana vyenyewe ndani ya neli. Walitumia kingamwili kuizuia sec18, yaani NSF ya hamira, kwa nyakati tofauti. Ikizuiwa mwanzoni, hakuna muungano. Ikizuiwa baada ya dakika chache, hata kabla vifuko havijashikana, muungano uliendelea kama kawaida. Protini inayounganisha haiwezi kumaliza kazi yake kabla ya wanaounganishwa kukutana.

Mwaka 1998 mambo mawili yalimaliza hoja. La kwanza lilitoka maabara ya Rothman mwenyewe: Thomas Weber na wenzake walitengeneza vifuko vya mafuta matupu, wakapachika SNARE za kifuko kwenye vingine na SNARE za utando kwenye vingine. Hakukuwa na NSF wala ATP, na viliungana, ingawa polepole. La pili ni fuwele iliyopigwa picha na Bryan Sutton, Dirk Fasshauer, Reinhard Jahn na Axel Brunger. Ilionyesha nyuzi 4, moja ya sinaptobrevini, moja ya sintaksini na mbili za SNAP-25, zimesukana kwa urefu kama msuko wa nywele, zote zikielekea upande mmoja. Msuko huo ni mgumu kiasi kwamba hubaki mzima hata kwenye joto linalokaribia la maji yanayochemka. Nishati ya kuunganisha tando hutoka kwenye kusukana kwenyewe. Msuko ukishakamilika, tando zimekwisha kuwa moja, na SNARE zote zimekwama upande mmoja zikiwa hazifai kwa safari nyingine. Hapo ndipo NSF hulipa deni: hukata ATP na kuzifumua, ili sinaptobrevini irudi kwenye kifuko kipya na wenzake wabaki wakisubiri. Vifuko vilivyorundikana mbele ya Malhotra mwaka 1988 vilikuwa vimekosa SNARE zilizofumuliwa.

Kabla ya hapo nzi wa matunda walikuwa wamekwisha kutoa ushahidi wa aina yake. Mwaka 1976 Obaid Siddiqi wa taasisi ya Tata, Bombay, na Seymour Benzer wa Caltech walieleza nzi ambao hupooza wakitiwa joto na huchelewa sana kuzinduka. Jeni yao ilipewa jina la comatose. Haikujulikana ni ya nini hadi 1995, Leo Pallanck, Richard Ordway na Barry Ganetzky walipoitambua: ilikuwa NSF ya nzi. Baadaye ilionekana kuwa nzi hao wakiwekwa kwenye joto, misuko ya SNARE hujaa kwenye neva zao. Nzi haanguki papo hapo. Hutumia kwanza vifuko vilivyo tayari, na kinachomwangusha ni kukosa vya kufuata.

Umbo la mtambo wenyewe lilipatikana kidogo kidogo. Kila molekuli ya NSF ina sehemu 3: moja hushika SNAP, moja hukata ATP na kutoa nguvu, na ya tatu hulishikilia duara lisiachane. Sehemu hii ya tatu ilijulikana kwa fuwele mwaka 1998. Mtambo mzima, ukiwa umekamata SNAP na msuko wa SNARE, ulionekana vizuri mwaka 2015, pale kundi la Brunger lilipoupiga picha kwa hadubini ya elektroni ukiwa umegandishwa. SNAP 4 zimeuzunguka msuko, nazo NSF 6 zimekaa juu yao. Kuhusu namna unavyofumua, maoni bado ni mawili: wengine husema nguvu hukusanywa kisha msuko huachiwa kwa mpigo mmoja, wengine husema uzi mmoja huvutwa kupita katikati ya duara, hatua kwa hatua. Picha za miaka iliyofuata, zilizoonyesha ncha ya SNAP-25 imeingia kwenye tundu la duara, zimewapa nguvu wa kundi la pili.

Rothman, Schekman na Südhof walipewa Tuzo ya Nobel ya fiziolojia au tiba mwaka 2013. Südhof alituzwa kwa kazi yake juu ya kalsiamu, inayoamua sekunde hasa ya kifuko kumwaga, jambo ambalo NSF haina mkono ndani yake.

NSF ina kazi nyingine za pembeni. Mwaka 1998 iligunduliwa kuwa hushika kipokezi kimoja cha glutamati kwenye seli za neva na kukisaidia kubaki kwenye utando, kazi isiyohusu kufumua SNARE. Kwa upande wa maradhi, kwa muda mrefu hakukuwa na ugonjwa wa binadamu uliofungamanishwa nayo, na sababu ilidhaniwa kuwa rahisi: kiumbe asiye na NSF hawezi kuzaliwa. Mwaka 2019 watoto wachache wenye kifafa kikali kilichoanza mara tu baada ya kuzaliwa walipatikana wakiwa na asidi amino moja iliyobadilika kwenye nakala moja ya jeni hiyo. Wazazi wao hawakuwa na badiliko hilo. Lilikuwa limezuka kwa watoto wenyewe.